Jamaa na Vyombo Vyake: Kuhamishwa kwa Familia katika Nathari ya Kiswahili

Wahakiki wa riwaya ya Kiswahili wamezoea kuanza na safari. Safari yenyewe huwa ni ya mtu mmoja, naye mara nyingi ni kijana. Rosa wa Kezilahabi huondoka kwao Ukerewe kwenda shuleni katika Rosa Mistika (1971). Maimuna wa Said Ahmed Mohamed huiacha nyumba ya baba yake katika Utengano (1980). Kongowea wa Ken Walibora huiaga Tanga kwenda kumtafuta babaye nchini Kenya katika Siku Njema (1996), na Yasmin wa Shafi Adam Shafi huvuka bahari katika Vuta N'kuvute (1999). Mengi yamekwisha kuandikwa juu ya safari hizi: mji kama mtego, mji kama shule, mji kama mahali ambapo binti wa watu hupotelea. Jambo ambalo halijatiliwa maanani ni kwamba wasafiri hawa wote husafiri kama watu wasio na vyombo. Hapana kabati la kufunguliwa misumari, wala godoro la kufungwa kamba, wala mtoto wa kutolewa shule katikati ya muhula.

Iko safari nyingine, nayo ni ya jamaa nzima. Baba hupata barua, au mama hupata barua, na katika wiki chache nyumba iliyokuwa imetulia mjini hupandishwa juu ya lori na kupelekwa mkoa mwingine. Afrika Mashariki imeishi na safari hii tangu zama za wakoloni, kwani serikali za kikoloni zilipenda kuwahamishahamisha makarani wao, na serikali zilizofuata hazikuiacha desturi hiyo. Mwalimu, askari polisi, mganga wa hospitali, stesheni masta, wote wanaijua barua ya uhamisho. Walakini nathari ya Kiswahili imeipita safari hii kama basi la moja kwa moja linavyokipita kituo kidogo. Yafaa kuuliza kwa nini, na jibu lake kwa sehemu kubwa limo katika lugha yenyewe ya kuhama.

Si kwamba safari hii haikupata kuandikwa kabisa. Ilikuwako mapema sana, katika Maisha Yangu ya Shaaban Robert, kitabu kilichotoka mwaka 1949. Mwandishi huyo alikuwa mtumishi wa serikali: tangu 1926 hadi 1944 alifanya kazi katika idara ya forodha, kisha akapelekwa katika idara ya mifugo huko Mpwapwa, na baadaye akarejeshwa Tanga. Mtu wa pwani, aliyezaliwa na kukulia katika harufu ya chumvi, aliingizwa bara kwenye nchi kavu kwa amri ya ofisi. Mpwapwa ni wilaya ambayo leo imo katika Mkoa wa Dodoma, na jambo hilo litakuwa na maana hapa chini.

Wasomaji wengi wa Maisha Yangu wamekisoma kitabu hicho kama kioo cha maadili: subira, unyenyekevu, shukrani. Usomaji huo si wa makosa, lakini umefunika jambo moja la ufundi. Anayehama katika kitabu hicho ni "mimi". Ndiye anayeipokea amri, ndiye anayeipima, ndiye anayeitafutia maana. Mke na watoto wapo, wanapendwa, na kifo cha mke kinaliliwa kwa namna iliyowagusa wasomaji wa vizazi vingi; lakini katika suala la kuhama wao ni watu wanaoongozana na mwenye barua. Hilo ni la kutazamiwa katika tawasifu, kwa kuwa tawasifu ni utanzu wa nafsi moja. La ajabu ni pale watoto wanapopewa nafasi yao. Nafasi hiyo haipatikani katika nathari. Inapatikana katika ushairi, yaani katika Utenzi wa Hati ulioandikwa kwa ajili ya binti na Utenzi wa Adili ulioandikwa kwa ajili ya mwana. Humo watoto wanaambiwa. Baba ambaye kazi yake imemtembeza huku na huku anawakusanyia wanawe katika beti yale ambayo nyumba isiyohama ingewafundisha polepole, barazani na jikoni. Kwa mtazamo huu tenzi hizo mbili si mawaidha yanayoelea hewani, kama zilivyozoeleka kufundishwa. Ni aina ya vyombo vya nyumbani vilivyofungwa kwa namna ambayo havivunjiki njiani. Hata hivyo ni sauti ya upande mmoja. Mtoto husikiliza, hajibu.

Mfano huo wa karani mwenye "mimi" na jamaa iliyo nyuma yake ndio uliorithiwa. Riwaya iliyofuata ilimkuza kijana, ikampa shahada, ikampa mashaka ya nafsi, ikampa hata haki ya kujiua kama Kazimoto katika Kichwamaji (1974). Jamaa ikabaki pale pale ilipokuwa, kama sehemu ya mizigo.

Hapa ndipo msamiati unapostahili kutazamwa. Kitenzi hama kina fahari yake. Anayehama amekata shauri, ameinua mguu. Hamia huongeza mwelekeo, nacho pia humwachia mhamaji uhuru wake. Kikiongezwa kiambishi cha kufanyiza kinakuwa hamisha, na papo hapo mtu mwingine ameingia katika sentensi, mwenye uwezo wa kuwainua watu kama wainuliwavyo viti. Hamishwa humficha mtu huyo. Karani "amehamishwa", na nani, halisemwi, wala halina haja ya kusemwa. Nomino ya ofisini ikazaliwa kutokana na mzizi huo huo wa kufanyiza, uhamisho, na ndiyo inayoandikwa juu ya barua. Neno uhamaji lipo, lakini limeachiwa wafugaji na ndege. Kugura, neno zuri la washairi, halikupata kuingia ofisini. Na kulowea, ambalo lingefaa sana kwa jamaa iliyokwenda kwa mwaka mmoja ikakaa thelathini, limechukuliwa na walowezi hata limekuwa gumu kutumiwa kwa mtu mnyonge.

Kitenzi kibaya zaidi kuliko hamishwa ni rudishwa. Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria iliyojulikana kwa watu wote kwa jina la Nguvu Kazi. Chini ya kampeni hiyo watu wa Dar es Salaam waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikamatwa na kupelekwa mikoani wakalime. Lugha iliyotumika ilikuwa ya kurudishwa vijijini. Kurudishwa humaanisha kwamba huko ndiko mtu alikotoka. Lakini mji ulikuwa na watu waliozaliwa Kariakoo na Magomeni, ambao mkoa wa baba zao waliujua kwa kuusikia tu. Vipi mtu arudishwe mahali ambapo hajapata kufika? Kiswahili kinaliruhusu jambo hilo kwa sababu ya neno jingine dogo, kwao. "Kwao ni wapi?" ni swali ambalo mtoto wa mjini huulizwa akiwa bado hajajifunza kusoma, na jibu linalokubalika ni mkoa wa baba. Nairobi nako ni hivyo hivyo: mtu aliyekaa mjini miaka hamsini huagana na wenzake mwezi Desemba kwa kusema anakwenda nyumbani. Kwa hiyo kila safari ya kutoka mjini kwenda mkoani, hata ikiwa ni kwenda ugenini kabisa, iko hatarini kuitwa kurudi. Na mtu anayerudi, kwa fikra za wengi, hana la kulalamikia.

Tofauti kati ya vitenzi hivi viwili ni ya kitabaka. Mwenye mshahara alihamishwa, na asiye na mshahara alirudishwa. Wa kwanza alipata nauli na malipo. Wa pili alipandishwa gari. Riwaya yenye jicho kali ingeweza kuwaweka wawili hao katika treni moja, wakiitazama Ruvu ikipita dirishani.

Mfano mkubwa kuliko yote wa jamaa kuhamishwa kutoka mji mkubwa kwenda mkoa mwingine ni ule wa Dar es Salaam na Dodoma. TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa mamlaka ya kuustawisha mji huo. Kazi iliyotazamiwa kuchukua muda wa miaka kumi ikajikokota zaidi ya arobaini. Bunge lilitangulia katika miaka ya 1990. Mnamo Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali yote itahamia huko kabla ya mwisho wa muhula wake. Waziri Mkuu akahamia Septemba mwaka huo, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji Aprili 2018, na Rais mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Wizara zilijengewa Mji wa Serikali huko Mtumba.

Sentensi iliyosikika kila siku katika miaka hiyo ilikuwa: "Serikali imehamia Dodoma." Kisarufi ni sentensi safi. Kitenzi ni hamia, chenye hiari. Kiima ni Serikali, isiyo na mtoto wa darasa la sita, wala mama mzazi mgonjwa anayehudhuria kliniki Muhimbili, wala chama cha kufa na kuzikana cha majirani wa Temeke. Watumishi walitajwa kwa idadi na kwa awamu. Jamaa zao zilitajwa katika hesabu ya malipo, kama mwenzi wa ndoa na watoto au wategemezi wasiozidi idadi iliyowekwa. Neno la ofisini lililokaribia zaidi kukiri kwamba kuna kitu kilichovunjika ni lile la posho ya usumbufu. Si neno baya. Angalau limekubali kwamba mtu amesumbuliwa. Lakini ni vigumu kulitazama bila kujiuliza ni usumbufu gani unaopimika kwa shilingi, na ni upi usiopimika.

Hata jina la kinachohamishwa lina matata. Ahali hasa ni mke. Aila ni watu wa nyumba moja. Jamaa hupanuka mpaka kwa wajomba, shangazi na binamu aliyekuja mjini kutafuta kazi akalala sebuleni miaka mitatu. Familia, neno la juzi juzi, ndilo lililochukuliwa na fomu za serikali, na maana yake hukatwa kwa mkasi wa hazina. Mtumishi aliyehamia Dodoma alihama na familia akaacha jamaa. Wale waliobaki Dar es Salaam, katika nyumba ya vyumba sita yenye uani mmoja, hawakuhamishwa na mtu. Hata hivyo nyumba yao ilibadilika siku lori lilipoondoka. Hao hawana kitenzi.

Mtu anaweza kutaja Gamba la Nyoka (1979) kuwa ni kanusho la hoja hii. Riwaya hiyo ya Kezilahabi inahusu kuhamishwa, na inahusu watu wengi kwa pamoja. Wanakijiji wa Kisole na Bucho, wanaotakiwa kuhamia katika kijiji cha ujamaa, wanabisha, wanafanya hila, wanacheka, na wengine wanaumia. Wazee kwa vijana wana sauti. Hapana shaka kwamba hii ndiyo riwaya ya Kiswahili iliyolitazama tendo la kuhamisha kwa jicho lisilopepesa, tena ikatoka miaka michache tu baada ya operesheni ya vijiji yenyewe. Lakini yapasa kutazama ni nini kilichoiwezesha. Kijiji kinapohamishwa, kinahama pamoja na mabishano yake. Watu wanaopinga wanapingia mahali wanapofahamika, mbele ya watu wanaowajua, kwa lugha yenye misemo na matani ya hapo. Mwandishi anakuta mazungumzo yako tayari. Jamaa ya mjini inapohamishwa, haihami na mtaa wake. Mabishano yake hufanyika usiku, chumbani, kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie. Kwa mwandishi aliyefunzwa kuitafuta siasa mkutanoni, mabishano hayo hayaonekani kuwa siasa. Lawama hapa isimwangukie mwandishi peke yake. Wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980, waliopima kila kazi kwa mizani ya matabaka na ujenzi wa jamaa mpya, walimfundisha msomaji kuupuuza usiku huo.

Chozi la Heri ya Assumpta Matei (2014) imeukaribia kwa njia nyingine. Humo familia zinafukuzwa na ghasia za baada ya uchaguzi, na Ridhaa, aliyesoma akawa daktari, anaubeba tangu utotoni mwake msemo wa dharau aliovikwa na watoto wenzake, kwamba watu wake ni wageni waliofuata mvua. Matei ameona kitu ambacho wengi hawakukiona: kwamba kuhama kwa jamaa hakumaliziki siku ya kufika. Huendelea katika midomo ya wenyeji kwa kizazi kizima, na siku nchi ikichafuka deni lile la kale hudaiwa kwa moto. Udhaifu wa riwaya hiyo, ikiwa yafaa kuutaja, ni wingi wa visa. Familia moja haijapata kukaa vizuri machoni pa msomaji, mara nyingine imekwisha kuletwa na msiba wake. Kufukuzwa, zaidi ya hayo, si sawa na kuhamishwa. Aliyefukuzwa anamjua adui yake. Aliyehamishwa ameletewa barua na mtu mpole wa masjala, na huenda barua hiyo ikawa imeambatana na kupandishwa cheo.

Ndiyo maana watakuwako watakaosema kwamba jambo hili halina uzito wa kustahili riwaya. Mtumishi ana mshahara, ana nyumba, na tangu mwaka 2024 ana treni ya umeme inayomfikisha Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Wapo raia wenye shida zilizo kubwa kuliko hizo. Ni kweli. Ila hoja hiyo huchanganya uzito wa shida na uzito wa habari. Riwaya haihitaji maiti. Chukua jikoni peke yake. Mama wa Dar es Salaam huifunga mbuzi yake ya kukunia nazi pamoja na vyombo vingine bila kufikiri, kwa sababu jikoni hakukamiliki bila mbuzi. Dodoma iko kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, yenye msimu mmoja wa mvua, ambako nchi huota uwele, mtama na zabibu, na kitoweo cha wenyeji ni mlenda. Nazi huko huja kwa gari kutoka pwani, kama alivyokuja yeye. Ile mbuzi itatundikwa wapi? Na baada ya muda gani itaonekana kuwa ni kitu cha kukalia tu? Huo ni muda wa riwaya, tena hauna haja ya mwandishi kuhubiri.

Au chukua salamu. Mgogo huamkia kwa "Mbukwa", na mtoto wa Ilala, mwepesi wa ulimi kama watoto wote, atakuwa ameishika kabla ya wazazi wake kujua majina ya majirani. Siku anapoitumia mezani, kwa mzaha au kwa kusahau, nyumba hiyo imegawanyika sehemu mbili: wanaongojea kurudi na wasiongojea.

Kiswahili kina chombo cha kuupima mgawanyiko huo ambacho lugha nyingi hazina, nacho hakijatumiwa inavyostahili. Ni zile ngeli tatu za mahali. Nyumbani kwetu ni huko, kwa jumla, hata mtu akiwa mbali au akiwa hajapata kufika. Ndiyo kwetu ya mkoa wa baba. Nyumbani petu ni hapa hasa, penye mlango huu na mti huu. Nyumbani mwetu ni ndani, kunakojulikana usiku bila taa. Katika maongezi ya kila siku kwetu imezimeza ndugu zake mbili, na waandishi wengi wamefuata mkondo huo bila kujiuliza. Lakini mwandishi wa jamaa iliyohamishwa angeweza kuijenga kazi nzima juu ya tofauti hii. Mwezi wa kwanza katika nyumba ya serikali hakuna mtu anayeweza kusema mwetu. Mama husema "humu", kama msafiri anavyosema juu ya basi alilopanda: humu mna vumbi, humu mna baridi mwezi wa Juni. Baba, ambaye barua ni yake, husema "hapa", kwa kuwa amepewa mahali na analazimika kupatetea. Watoto husema "huku" wanapowaandikia wenzao waliobaki mjini. Mwandishi makini asingehitaji kumwambia msomaji ni nani aliyekwisha kufika na ni nani bado yuko njiani. Angetosheka kuwaacha wazungumze, na kusubiri mmoja wao, yamkini yule mdogo kuliko wote, arudi kutoka shuleni akiwa amelowa mvua ya kwanza ya Desemba na kusema kwamba ameuacha mkoba wake mwetu, chumbani, wala hataki mtu auguse.